Kisa cha Zuhura: kansa ya utumbo kwa paka, hela yenye kikomo, na kwa nini sikufanya biopsi (kukata kipande cha utumbo kikapimwe maabara)

Zuhura alikua na kilo 4.6. Siku niliyompeleka kwa dokta wa mifugo mzani ukasema 3.1, yaani karibu theluthi ya mwili wake imeondoka na mimi niko nae chumba kimoja. Naanza na hizo namba kwa sababu ndo zilizoniamsha, kutapika hakukuniamsha, na alikua anatapika zaidi ya mwaka, mara moja kwa wiki, alafu mara mbili, alafu ikawa kila nikiamka natazama chini kabla sijaweka mguu sakafuni. Kila mtu aliewahi kufuga paka anasema ni manyoya, na mimi nikasema ni manyoya, na kweli manyoya yalikuwemo mle kwahiyo nikaridhika. Paka anaetapika kila wiki si mzima, hata kama anakula, hata kama anacheza. Nalisema mapema ili mwenye paka wa miaka kumi na kitu anaetapika tapika asingoje mpaka amalize kusoma, amnyanyue sasa hivi apapase uti wa mgongo, kama pingili zinahesabika kirahisi ampeleke akapimwe.

Ni jike, miaka 12 wakati huo, kafungwa kizazi tangu mdogo, anaishi ndani. Nilimpata akiwa hajafungua macho vizuri na nilimlea kwa chupa, kwahiyo mtu asiniulize kwa nini nimehangaika hivi.

Dokta alianza na damu na mkojo. Kwa paka mzee anaekonda kuna vitu vitatu vya kuvitoa kwanza kabla hujataja kansa, navyo ni figo, kisukari, na tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, hii ya mwisho inamkondesha paka huku anakula kama hajala wiki nzima. Vyote vinaonekana kwenye vipimo vya kawaida ambavyo ukilinganisha na vinavyofuata ni rahisi. Vyote vikatoka safi. Akapimwa pia virusi vya lukemia ya paka na vile vya upungufu wa kinga, manake virusi hivyo vinaongeza uwezekano wa kupata limfoma, kansa ya seli za kinga ya mwili, navyo havikuwepo. Kilichotoka vibaya ni viwili, vitamini B12 iko chini sana na protini ya albumini imeshuka. B12 inafyonzwa kule mwishoni mwa utumbo mwembamba, ikikauka kwenye damu ni ishara kwamba utumbo wenyewe una shida.

Ultrasaundi ikaonyesha ukuta wa utumbo mwembamba umenenepa, hasa lile tabaka lake la misuli, na tezi za limfu za tumboni zimekua kidogo. Donge hakuna. Dokta akaigeuza skrini nione, akaniambia, "Hapa ni moja kati ya mawili. Ama kinga ya mwili inaushambulia utumbo kwa muda mrefu, ama ni limfoma ya seli ndogo. Picha hii haiwezi kunitenganishia, na nisikudanganye, hata nikiitazama mpaka kesho."

Hapa lazima nisimame kidogo manake ndo kiini cha kisa chote. Limfoma ndo kansa inayoongoza kwenye tumbo la paka, na ina sura mbili ambazo zinashea jina tu. Ya seli ndogo inakwenda taratibu, inamla paka kwa miezi na miaka, na inasikia dawa za vidonge vinavyotolewa nyumbani, paka wengi, zaidi ya wanane katika kumi, wanapata nafuu, na nusu yao wanafika kama miaka miwili au wanapita hapo. Ya seli kubwa inakimbia. Inapenda kutengeneza donge, paka anaanguka ndani ya wiki chache, na matibabu yake ni kemo ya dawa nne, vinkristini, siklofosfamidi, doksorubisini na prednisoloni (hii ya mwisho ni steroidi, inatuliza kinga ya mwili), nyingi zinapitia kwenye mshipa, ziara baada ya ziara kwa miezi mitano sita hivi na kipimo cha damu karibu kila mara. Na baada ya hayo yote kama nusu tu ya paka, au zaidi kidogo, ndo wanaoitikia vizuri, na muda wa kati wa kuishi ni miezi sita hivi, yaani nusu wanaishi chini ya hapo na nusu juu, japo wale wachache ambao ugonjwa unapotea kabisa wanaweza kwenda mbali. Ukimpa mwenye seli kubwa prednisoloni peke yake ni mwezi mmoja, miwili.

Kwahiyo mtu akikwambia paka wake ana limfoma, swali la kwanza ni ipi. Ukiniuliza kemo ya paka inakula hela kiasi gani bila kusema ipi sina jibu, hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

Sasa hela. Nilikua na akiba, na nikaamua siendi kukopa, sio kwamba simpendi, kuna watu wananitegemea na deni la mwaka mzima lingewagusa wao ambao hawakuulizwa. Nikaigawa mafungu matatu. La kujua anaumwa nini. La kumtibu mwaka mmoja. Na la mwisho, la siku yake ya mwisho, dokta aje nyumbani ampe kwanza dawa ya usingizi, asifie kwenye kikapu ndani ya gari akiwa na hofu. Hilo la tatu ndo nililitenga kabla ya yote na nikaliweka kwenye bahasha. Nilishaona watu wanamaliza kila kitu kwenye vipimo, wanapata jibu limeandikwa vizuri kabisa kwenye karatasi, alafu hela ya dawa haipo, na hela ya kumpumzisha kwa heshima nayo haipo.

Nikamwambia dokta kiasi nilichonacho, namba kamili, na niliona aibu kusema. Akanijibu jambo ambalo nimeshawaambia watu wengi tangu siku ile: "Ukinambia mwanzo napanga nawe. Ukinambia katikati tunakwama wote watatu." Watatu ni pamoja na paka.

Njia zilizokuepo zilikua hizi. Kufungua tumbo na kukata vipande vya utumbo unene wote, maabara ivisome. Hiyo ndo biopsi inayotoa jibu la kuaminika zaidi. Au endoskopi, mpira wenye kamera unapita mdomoni, hauna kidonda, ila unachukua tabaka la juu tu na haufiki sehemu kubwa ya utumbo wa kati ambako limfoma ya seli ndogo ya paka inapenda kukaa, na bado paka analazwa kwa dawa ya usingizi na bili yake haiko mbali sana na ya upasuaji. Au sindano nyembamba inaingizwa kwenye tezi ya limfu kwa kuongozwa na ultrasaundi, dakika chache, bei yake sehemu ndogo tu ya hizo mbili, lakini haiwezi kutofautisha seli ndogo za kansa na seli ndogo za kawaida zilizojazana. Au kuanza dawa bila kujua. Au kumpa prednisoloni peke yake. Au kumtunza tu asiumie na kumwacha aende.

Niliziandika zote kwenye daftari na nikakaa nazo usiku mbili, na kilichonisaidia ni swali moja ambalo nililiuliza kwa kila kipimo, jibu likija, nitafanya nini tofauti? Jaribu na wewe uone. Biopsi ikisema ni mashambulizi ya kinga, matibabu ni chakula maalum, B12, prednisoloni, na wale wasiopata nafuu wanaongezewa klorambusili, kidonge cha kemo. Biopsi ikisema limfoma ya seli ndogo, matibabu ni prednisoloni na klorambusili, pamoja na B12. Yaani njia mbili zinakutana mtaa uleule. Lakini sindano ikikuta seli kubwa, hapo kila kitu kinageuka, ama unaingia kwenye kemo ya mishipa ama unaanza kuhesabu siku nzuri, na seli kubwa ndo hasa kitu ambacho sindano inakiona vizuri. Kipimo cha bei ndogo ndo kilichokua na swali kubwa. Kile ghali kilikua kinanipa jina.

Dada yangu mkubwa hakukubali. Alinipigia simu jioni hiyo na hakupaza sauti, dada akiwa na hasira ya kweli hua anaongea polepole. "Mdogo wangu, utampa mnyama dawa ya kansa na hujui kama ana kansa?" Na ana hoja, sitaki mtu asome hapa aone kama nilimshinda, sikumshinda. Kumpa dawa ya kemo mwili ambao pengine hauna kansa ni jambo zito, kuna madokta wa kansa za wanyama ambao hawaandiki klorambusili bila karatasi ya maabara na siwalaumu. Kuna na jambo la pili alilonikumbusha ambalo ni la maana sana kwa yeyote aliepo njia panda hii, steroidi ikishaingia mwilini inafuta alama, ukija kufanya biopsi baada ya wiki kadhaa za prednisoloni maabara inaweza isione vizuri, na kwa limfoma ya seli kubwa steroidi ikitangulia peke yake inaweza kuifanya kansa iwe sugu kwa kemo inayokuja. Kwahiyo uamuzi wa biopsi unafanywa kabla ya kidonge cha kwanza. Ni mlango unaofunguka upande mmoja. Watu wengi wanaupita bila kujua kwa sababu mtu amewapa prednisoloni siku ya kwanza "aone kwanza kama atapata nafuu", na atapata, karibu kila paka anachangamka na steroidi wiki ya kwanza, anakula, anaruka, unafurahi, na mlango umeshajifunga nyuma yako.

Nikampelekea dokta maneno ya dada kama yalivyo. Hakuyapuuza. Alisema Zuhura angekua na miaka sita, ana mwili, albumini iko sawa, angenisukuma nifanye biopsi hata kama ingebidi tusubiri mwezi nikusanye hela. Ila huyu ana miaka 12, kilo tatu, na protini imeshuka, na protini ikiwa chini kidonda cha utumbo kinasita kushika, mshono wa utumbo ukiachia ndani ya tumbo hapo hatuongelei kansa tena. Akasema, "Hatari unayoikwepa ni ya kweli na hatari unayoichukua ni ya kweli." Ndo nikaamua. Sindano kwanza, biopsi hapana, na steroidi isiguswe mpaka sindano ijibu.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Seli ndogo zimejaa, seli kubwa hakuna. Nililia, na nilikua najua kabisa kwamba karatasi ile haikusema hana kansa, inawezekana kabisa ilikua inasema anayo. Ila ile inayokimbia haikuonekana, na kwa hela niliyonayo hiyo ndo habari niliyokua naiombea.

Kabla ya dawa tulijaribu chakula, protini iliyovunjwa vunjwa mpaka kinga ya mwili isiitambue, hicho tu na maji, wiki mbili na siku kadhaa. Hii hatua watu wanairuka kwa haraka, na ninaielewa haraka hiyo, lakini paka ambao tatizo lao ni chakula wengi wanaonyesha ndani ya wiki mbili na utakua umeokoa kila kitu. Tukaanza pia sindano za B12, moja kwa wiki kwa wiki sita, alafu zikatanuka. Bila B12 hata dawa sahihi zinaweza zisifanye kazi vizuri, paka anabaki mnyonge na hana hamu ya kula. Nilimuomba dokta anifundishe kuchoma chini ya ngozi, akanifundisha mara mbili pale pale kwa maji ya chumvi, na ziara tano nikazifanya mwenyewe sebuleni. Chakula kilipunguza kutapika kidogo, uzito haukupanda hata gramu. Basi tukaingia kwenye vidonge.

Kwanza prednisoloni. Naandika jina kamili kwa makusudi, sio prednisoni. Ni ndugu, kwenye rafu zinakaa pamoja, mtu anaweza kukupa moja kwa nyingine akiamini ni sawa, na kwa binadamu hiyo sio shida kubwa kwa sababu ini linaigeuza ya pili kua ya kwanza. Ini la paka linafanya hiyo kazi vibaya. Paka anaepewa prednisoni anaweza kua anameza kidonge kila siku na mwili haupati kitu cha maana.

Alafu klorambusili. Ni kidonge cha binadamu cha miligramu 2, kinakaa kwenye friji, na hakikatwi wala hakisagwi, kina utando wa nje unaomkinga anaekishika. Hapa kuna kitu nilikipenda nilipokielewa, kwa kua kidonge hakigawiki huwezi kumpunguzia paka dozi kwa kukata nusu, unapunguza kwa kutanua siku. Zuhura alianza kidonge kimoja kila siku ya pili. Kuna mpango mwingine wa kutoa dozi kubwa mara moja kila wiki mbili, ambao kwa mtu anaepigana na paka kila akimpa dawa unaweza kua nafuu, mapambano mara mbili kwa mwezi badala ya kumi na tano. Nilivaa glovu kila mara, na boksi la mchanga nililisafisha kwa glovu pia, na mke wa mdogo wangu alipokuja kukaa nasi akiwa mjamzito hakugusa kidonge wala boksi, hilo sikulijadili na mtu.

Watu wanaogopa neno kemo kwa sababu wanaona binadamu wao waliemuuguza. Kwa wanyama dozi zinapangwa chini makusudi, lengo ni aishi vizuri kwanza, muda urefuke pili. Zuhura hakunyonyoka manyoya, paka wengi hawanyonyoki, kinachoweza kupotea ni sharubu, na yeye alipoteza za upande wa kushoto. Alitapika siku chache za mwanzo, akapewa maropitanti, ikatulia. Hamu ya kula ilipozorota tukatumia mirtazapini ya kupaka ndani ya sikio, bora kuliko kidonge kingine mdomoni. Wiki ya tano mzani ulisema 3.3. Wiki ya tano! Mwaka mzima namba ilikua inashuka tu.

Niseme wapi tulibana matumizi na wapi hatukubana, manake ndo mnachokitafuta wengi. Damu kamili yenye ini na figo hatukuifanya kila mara, tulifanya hesabu ya seli tu mara nyingi, na paneli nzima kila baada ya miezi michache kwa sababu klorambusili inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Ultrasaundi ya marudio tuliiacha kabisa, kwa swali lilelile, uzito unapanda na kutapika kumeisha, picha ingebadilisha nini? B12 nyumbani. Uzito nyumbani, kwenye mzani wa watoto wachanga nilioazima. Lakini hesabu ya seli hatukuiruka hata mara moja, na namshukuru Mungu, manake wiki ya nane seli nyeupe zilikua zimeshuka mpaka dokta akasimamisha dawa siku hiyohiyo. Kwa macho hakua na kitu. Alikua anakula, anapanda dirishani, ungemwona ungesema mzima kabisa, na kumbe kinga yake haina askari. Tukapumzika wiki mbili, zikarudi, tukaanza tena kwa kila siku ya tatu. Mtu anaebana hela kwa kuruka kipimo hiki hajabana kitu, homa kwenye mwili usio na seli nyeupe ni kulazwa, dripu, na bili ya siku tatu inayozidi vipimo vya mwaka.

Na kuna hela nyingine zinazotoka bila kuonekana. Nililetewa unga wa uyoga, nikaletewa mafuta ya kunusisha, nikaambiwa kitunguu saumu kinasafisha damu. Kitunguu cha aina yoyote kinavunja seli nyekundu za paka, mafuta mengi ya kunukia ini la paka haliyawezi. Dawa za binadamu na za mbwa usichukue kwa kukisia, paracetamol inaua paka, na hata ndani ya dawa za kansa, cisplatin anayoivumilia mbwa ni kifo kwa paka. Waliniletea kwa upendo, niliwashukuru kwa upendo, sikumpa.

Kumpa vidonge ndo kulikonitoa machozi mara nyingi kuliko jina la ugonjwa. Alianza kukimbia nikifungua friji. Friji tu, hata nikitoa maji. Mnyama aliekua analala shingoni kwangu alikua ananikwepa, na nikajiuliza kama ninamnunulia miaka miwili ya kuniogopa. Kilichosaidia ni kuviweka vidonge vyote vya siku ndani ya kapsuli tupu moja, nikiwa na glovu, ili apewe mara moja badala ya tatu, na baada yake maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, manake kidonge kinaweza kunasa kwenye koo la paka kikachoma. Alafu nikaacha kumpa dawa mahali anapolala. Dawa ikawa chumba kingine, juu ya meza, na baada yake chakula anachokipenda. Ilichukua wiki tatu akarudi shingoni.

Mama yangu aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, hela yote hii kwa paka?" Nikamjibu "Mama, ni hela niliyokwisha itenga, na mgao wenu haujaguswa." Akanyamaza. Siku zilizofuata nikamkuta anamhesabia Zuhura muda wa kidonge, ananikumbusha yeye.

Daftari. Kila Jumamosi uzito, kila siku alama tatu, amekula, ametapika, amekuja mwenyewe. Paka anaficha maumivu, huwezi kungoja alie, unaangalia anachoacha kufanya. Mwisho wa mwezi natumia kipimo cha maisha kilichotungwa na Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, mwaka 2004, mambo saba, maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na siku nzuri kuzidi mbaya, kila jambo alama sifuri mpaka kumi. Ukipita 35 maisha bado yanabebeka. Mwezi wa kwanza alikua 38 na nilikua nadanganya kidogo kwenye furaha. Sasa hivi anacheza kwenye 58, 60, na sidanganyi. Nakishauri sana kwa sababu unakijaza wakati akili iko tulivu, na siku ikifika hutaanza kubishana na moyo wako saa nane usiku.

Je, nilikosea kutofanya biopsi? Nimelifikiria kwa kweli, sio kwa kujitetea. Mpaka leo sina jina. Inawezekana kabisa Zuhura hakuwahi kua na kansa na nimemtibu kwa klorambusili mnyama ambae prednisoloni peke yake ingemtosha, na seli zake nyeupe zikashuka bure. Dada bado anasema hivo, na akisema namsikiliza. Kitu pekee ninachokishika ni kwamba nilijua ninachokiacha nilipokiacha. Kama wako ni kijana, kama ana donge, kama albumini iko sawa na fungu lako la kwanza linafika, fanya biopsi, tena ya kufungua tumbo, usinifuate mimi. Na kama fungu ni dogo kiasi kwamba hata sindano haiingii, prednisoloni peke yake inayotolewa ukijua umechagua hivo ni matibabu halali, inapunguza kichefuchefu, inampa hamu ya kula, kuna paka wa seli ndogo wanaoishi miezi mizuri kwa hiyo tu. Hakuna dokta mwenye huruma atakaekucheka kwa kuchagua hilo.

Tumetimiza miezi kumi na saba. Fungu la pili liliisha mwezi wa kumi na tatu, sasa natoa kidogo kila mwezi na dawa zenyewe zimekua za kawaida kama bili nyingine ya nyumba. Dokta ameshanieleza mapema kwamba ikirudi tuna siklofosfamidi ya vidonge kama njia ya pili, na baada ya hiyo tutaongea tena. Jumamosi iliyopita mzani ulisema 4.2. Sharubu za kushoto zimeota, fupi kuliko za kulia. Kipimo cha damu kinachofuata ni wiki mbili zijazo, na ile bahasha ya fungu la tatu iko kabatini chini ya nguo zangu, haijafunguliwa.